Umemkanda Mwenzi Wako Lini?

Kama umewahi kupita Mama Ngina saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Mombasa halijakaza, basi umewaona. Vijana wa mpira, mabwana walioonywa na daktari juu ya sukari na presha, akina mama waliojifunga leso juu ya suruali za mazoezi, wote wanakimbia au wanatembea kwa haraka kando ya bahari, chini ya mibuyu. Mahali pale palitengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, na ni baraka kwa kisiwa chenye nyumba zilizobanana kama chetu.

Saa hiyo hiyo, upande wa Mji wa Kale, mahamali wameshaanza kusukuma mikokoteni kuingia na kutoka Marikiti. Jasho linawatiririka nao pia. Hawa hawaiti kazi yao mazoezi, wala hawavai raba za bei kubwa. Lakini msuli haujui tofauti. Kwake mzigo ni mzigo, uwe wa kujitakia au wa kutafutia watoto unga. Na mama aliyepandisha ndoo za maji ghorofani mara sita, au aliyefua tangu asubuhi akiwa ameinama, naye msuli wake umefanya kazi ile ile.

Jioni wote hawa wanarudi nyumbani. Tunataka kuzungumza juu yao, na zaidi juu yako wewe unayewapokea mlangoni.

Unamfanyia nini mwenzi wako anaporudi amechoka? Wengi watajibu kwamba wanampa pole, maji ya kuoga na chakula. Hayo ni mema, na asiyeyapata nyumbani kwake anajua thamani yake. Lakini ni wangapi kati yetu wanaonyosha mkono na kumkanda? Watu wengi wa ndoa, hasa baada ya miaka kumi au kumi na tano, hugusana wakati mmoja tu, usiku, na kwa sababu moja tu. Mkono ukimfikia mke begani, mara moja anajiuliza unataka nini. Mke akimshika mume mguu, mume anafikiri ameombwa jambo, au anaombwa pesa. Kugusana kusikodai kitu kumepotea, na watu hawa wawili hawakumbuki kulipotea lini.

Tuchukue mfano wa bwana na bibi wanaokaa Kibokoni, ghorofa ya pili, katika nyumba ya zamani yenye ngazi za mwinuko. Bwana ana miaka 43. Daktari amemwambia apunguze uzito, naye ameitikia kwa ari ya mtu mgeni katika jambo. Jumamosi amekimbia kutoka Fort Jesus hadi kule kwenye mnara wa taa na kurudi, mara mbili. Jumapili anajivuta. Jumatatu hawezi kushuka ngazi. Anashuka kinyumenyume ameshika ukuta, watoto wanacheka, anawakaripia. Bibi anamwuliza kama atakunywa chai, anajibiwa kwa ukali. Bibi ananyamaza, lakini moyoni anajiuliza amekosa nini. Jioni yake rafiki anampeleka bwana kwa mkandaji wa kulipwa. Anarudi usiku amechangamka, ananukia mafuta ambayo mkewe hayajui. Hapo hata asiye na wivu atauliza swali, na swali lenyewe halitaulizwa kwa upole.

Katika mfano huu hakuna mwovu. Kuna mapaja yanayouma, na kuna watu wawili ambao hawakufikiri kwamba nafuu ya maumivu yale ilikuwa mikononi mwao wenyewe, pamoja na kikombe cha mafuta ya nazi kilichokuwa jikoni.

Maumivu hayo yanatoka wapi?

Ni vizuri kuanza na hili, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumbani hutokana na kutojua. Utasikia watu wakisema kwamba misuli imejaa asidi. Asidi ya laktiki, hiyo inayolaumiwa, hupungua katika damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya mtu kupumzika. Haiwezi kuwa ndiyo inayomtesa bwana yule siku ya pili na ya tatu.

Sababu ni nyingine. Msuli unapofanya kazi huku ukirefuka, kama paja linavyofanya unapoteremka, au kama mikono ya hamali inavyozuia mkokoteni usimponyoke kwenye mteremko, nyuzi zake hupata michubuko midogo midogo isiyoonekana kwa macho. Mwili unaanza kuitengeneza. Kazi hiyo ya ukarabati huleta uvimbe mdogo na kuamsha mishipa ya fahamu, na ndiyo maana maumivu hayaji mara moja. Huanza kesho yake, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe. Msuli ukimaliza kutengenezwa huwa imara kuliko ulivyokuwa. Anayeanza mazoezi, au aliyeyaacha muda mrefu, ndiye anayeumia zaidi. Akiendelea kwa kiasi, wiki ya tatu hushuka ngazi kama watu wengine.

Basi mama, ukijua hayo, ukali wa Jumatatu asubuhi unaweza kuupeleka kwenye mapaja yake badala ya kuupeleka kwenye moyo wako. Na wewe baba, ukijua hayo, sema wazi, “Miguu inaniuma, usinichukulie vibaya.” Maneno haya manne yanaokoa siku nzima.

Mkono unaweza nini, na hauwezi nini

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada walitoa habari ya vijana 11 wa kiume waliowapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi hadi wakachoka kabisa. Kila kijana alikandwa mguu mmoja tu kwa dakika 10, na mguu wa pili ukaachwa kama ulivyo. Kisha vikachukuliwa vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili na kupimwa. Ule uliokandwa ulionyesha dalili chache zaidi za uvimbe, na pia dalili kwamba chembe zake zinajiandaa kuongeza vile vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu. Asidi ya laktiki haikubadilika hata kidogo. Wale wanaosema kukanda kunakamua asidi wamekosea sababu, ingawa kazi ya mkono wao haikuwa bure.

Lakini tusitie chumvi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walikusanya pamoja tafiti 29 zilizohusu watu zaidi ya 1,000. Waliona kwamba kukandwa hakumfanyi mtu akimbie kwa kasi zaidi, wala aruke juu zaidi, wala awe na nguvu zaidi. Kulichofanya ni kupunguza kidogo maumivu ya siku zinazofuata, na kulegeza viungo kidogo. Kidogo ndilo neno la kweli, na tulitumie hivyo hivyo. Anayekuahidi kwamba mafuta yake yatatoa sumu mwilini au kuyeyusha kitambi anataka pesa zako tu.

Wala mkono hauwezi kuwa badala ya maji. Watu wa kisiwa hiki walilishuhudia hilo tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, huko huko ng’ambo ya barabara tunakokimbia sisi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho. Joto na unyevu wa Machi vilimshinda, na wengine wengi walianguka au kujitoa. Ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Kama bingwa wa namna ile alishindwa na joto letu, wewe usikimbie saa nne asubuhi halafu utegemee kukandwa. Mtu aliyetoka jasho jingi anywe kwanza. Madafu ni mazuri, lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo ale na chakula chenye chumvi kidogo. Aoge, apoe, atulie. Baada ya hapo ndipo mafuta.

Jambo tulilokuwa nalo

Wakati mwingine tunasikia kwamba kukandana ni mambo ya watalii, yaliyokuja na hoteli za ufukweni. Si kweli, na lugha yenyewe inatushuhudia. Neno moja linatumika kwa unga wa mahamri na kwa mgongo: kukanda. Mshipa ukiteguka tunasema kuchua. Bibi arusi wa pwani husingwa kwa singo, mchanganyiko wenye manukato kama liwa na karafuu, mikononi mwa somo wake. Na mzazi, katika siku zake arobaini, hukandwa kwa maji ya moto na mama au nyanya yake.

Hata wakubwa walijua habari hii. Ukifika Unguja, nenda Kidichi, katikati ya mashamba ya karafuu, ukaone nyumba ya kuogea ambayo Sultani Sayyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Bibi huyu alipenda mno kupanda farasi na kuwinda, na pale ndipo mahali pa kupumzisha mwili baada ya vumbi na jua. Mume alimjengea mkewe jengo zima la mawe kwa sababu ya uchovu wake! Lakini binti wa Sultani, Salme, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake, anatueleza kwamba ndoa ile ilivunjika na bibi akarudi kwao Uajemi. Jengo lipo hadi leo. Tunalitaja ili bwana mwenye uwezo asifikiri kwamba kumlipia mkewe mahali pa fahari kunatosha.

Sasa angalia jambo moja katika desturi zetu. Mwanamke wa pwani hukandwa vizuri anapokuwa bibi arusi, na tena anapojifungua. Mara zote mbili mikono ni ya wanawake wenzake, na mume yuko nje barazani. Baada ya mtoto wa mwisho, nani atamkanda? Kati ya hapo na uzee kuna miaka 30, miaka ya ndoo, ya kufua, ya kusimama sokoni. Na mwanamume yeye hakuwekewa hata siku moja. Labda alikandwa utotoni na mamake, kisha basi, hadi atakapoumia mpirani au atakapolipa. Desturi ilitupa ujuzi, lakini haikuukabidhi kwa mume na mke. Hilo ni juu yenu ninyi wawili kulifanya.

Mwili unapopoa, na akili hupoa

Tumesema habari ya misuli, lakini faida kubwa zaidi kwa watu wa ndoa iko kwingine. Katika ngozi yetu, hasa ile yenye malaika, kuna mishipa ya fahamu ambayo kazi yake si kupima kama kitu ni kigumu au kikali. Huitikia zaidi mkono unaopita polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, ukiwa na joto la ngozi ya binadamu. Ukipitisha mkono kwa haraka kama anayefuta meza, mishipa hiyo hainyanyuki. Ukipitisha polepole, inapeleka habari ya utulivu. Mama anayembembeleza mtoto hufuata mwendo huo bila kufundishwa.

Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wake 16 walilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, wakaambiwa kwamba huenda watapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari ziliwaka. Walipopewa mkono wa mtu wasiyemjua waushike, hofu ilipungua kidogo. Walipoushika mkono wa mume, ilipungua zaidi. Na wale ambao ndoa zao zilikuwa nzuri zaidi ndio waliotulia zaidi. Soma tena sentensi hiyo, kwa maana ina pande mbili. Mkono wako ni dawa kwa kadiri unavyoishi na mwenzi wako saa nyingine. Aliyemtukana mkewe saa moja asidhani saa tatu mafuta ya nazi yatazungumza kwa niaba yake.

Kule Uingereza pia, mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria walieleza habari za wachumba na wanandoa waliofundishwa kukandana nyumbani kwa wiki tatu. Waliona msongo wa mawazo ukipungua, na jambo la kupendeza ni kwamba aliyekanda alipata faida kama aliyekandwa. Hili halipaswi kutushangaza. Huwezi kukanda mgongo wa mtu kwa dakika kumi huku unapanga ugomvi. Mikono inakataa.

Namna ya kufanya

Hamhitaji kitanda maalumu. Mkeka sakafuni unatosha, na sakafu ni bora kuliko godoro linalobonyea. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani hayana mfano kwa joto letu. Ya ufuta yanafaa pia. Mkitaka harufu, tieni karafuu chache ndani ya mafuta na kuyaacha siku kadhaa. Msipake mafuta makali ya karafuu yenyewe, yatachoma ngozi. Na zile dawa za kuchua za dukani zinazopasha moto zisitumike pamoja na maji ya moto, na mkono uliozishika usimfikie mtu machoni.

Anayekanda aoshe mikono, akate kucha, avue pete. Apashe mafuta viganjani kwanza. Aanze na nyayo, kwa sababu nyayo hazina aibu, na hata waliokuwa wamenuniana wanaweza kuanzia hapo. Kisha mashavu ya miguu, kisha mapaja, daima mkono ukielekea upande wa moyo. Mara ya kwanza mpitishe kiganja chote polepole, bila nguvu, ili ngozi na mafuta vizoeane. Mara ya pili mkande kama unga, ukishika na kuachia. Ukikuta mahali pagumu kama fundo, weka kidole gumba hapo ukae, uhesabu hadi ishirini, usisukume kwa hasira. Nyuma ya goti pita juu juu tu. Mgongoni fanya kazi pande mbili za uti, kamwe si juu ya mifupa yenyewe. Hamali na mama wa ndoo wanahitaji zaidi mabega na ukosi. Mkimbiaji anahitaji mapaja na mashavu ya miguu.

Uliza, “Hapa vipi? Nipunguze?” Maumivu yakifika mahali mtu anakunja uso na kushika pumzi, umezidisha. Kuna waume wanaofikiri kwamba kukanda vizuri ni kuumiza, na mke akilia ndiyo dalili ya dawa kuingia. Hiyo ni ujinga, tusiupambe. Dakika kumi za mguu zinatosha, na kumi za mgongo.

Na sharti moja kubwa zaidi ya yote: usigeuze kukanda kuwa mlango wa jambo jingine kila mara. Mnaweza kuendelea pamoja kama wote wawili mnataka. Ninyi ni mume na mke na hakuna kosa. Lakini kama kila mara mafuta yakifunguliwa mwisho ni ule ule, mwenzi wako atajifunza kukwepa mafuta. Mwache mara nyingi alale usingizi pale pale mkekani. Akiamka asubuhi akijua kwamba aliguswa na hakudaiwa, umempa kitu ambacho pesa za mkandaji haziwezi kununua.

Wakati wa kuweka mafuta kando

Hapa tafadhali usiruke mistari. Mtu akiteguka kifundo cha mguu au akipigwa teke la paja mpirani, usimchue kwa nguvu siku mbili tatu za kwanza, hata wazee wa mtaa wakisisitiza. Mshipa mdogo uliopasuka ndani utazidi kuvuja, na paja lililopigwa vibaya na kuchuliwa mapema linaweza hata kuota kitu kigumu kama mfupa ndani ya nyama. Mpumzishe, funga barafu ndani ya kitambaa umwekee dakika kumi au kumi na tano, funga bandeji, inua mguu juu ya mto. Kama hawezi kukanyaga kabisa, ni hospitali.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma kuliko mwenzake, hasa kwa mtu aliyetoka safari ndefu ya basi, aliyefanyiwa upasuaji, au mama aliyejifungua karibuni, usiuguse kwa kuukanda. Huenda damu imeganda ndani, na kipande kikisukumwa kinaweza kwenda mapafuni na kuua. Nyanya zetu wakandaji wa wazazi waelezwe jambo hili kwa heshima. Vivyo hivyo aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni.

Mwenye homa asikandwe. Mwenye mishipa iliyojitokeza miguuni apitishiwe mkono mwepesi tu. Mjamzito asikandamizwe tumboni wala asilazwe kifudifudi. Na mtu aliyefanya mazoezi makali kupita kiasi, misuli ikavimba na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu msuli uliovunjika sana huziba figo.

Vipi juu ya nyumba za kukanda?

Tunajua swali hili lipo, kwa maana mjini mwetu mabango ni mengi. Wako wakandaji waliosomea kazi yao, na wako wataalamu wa viungo hospitalini ambao mtu mwenye jeraha anapaswa kwenda kwao bila kusitasita. Wako pia wanaouza jambo jingine chini ya jina hilo, na kila mtu mzima anaelewa. Hatutaki kuwahukumu wote kwa makosa ya baadhi. Lakini kipimo cha nyumbani ni rahisi: mahali ambapo huwezi kwenda na mwenzi wako akakaa kitini akikusubiri, usiende. Na mahali unapokwenda, sema kabla hujaenda, si baada ya kuulizwa. Bwana yule wa Kibokoni hakufanya dhambi yoyote usiku ule, ila alirudi na harufu bila maelezo, na maelezo yaliyokuja baadaye yalisikika kama uongo ingawa yalikuwa kweli.

Tena pesa zile, kama nyumba ina upungufu, zingenunua nazi za mafuta ya miezi mingi.

Zamu ya nani?

Tumeandika sana juu ya kumpokea anayerudi, na tunaogopa baadhi ya mabwana watasoma ukurasa huu, waukunje, wamwekee mke mezani wakiwa wamepigia mstari sehemu ya nyayo. Hapana. Wekeni zamu. Wiki hii Jumatano ni yako, Ijumaa ni yake, na asikubali mmoja kuwa mkandaji wa kudumu. Mwanamume ambaye hajawahi kumkanda mkewe ataona haya mwanzoni, hasa kama amelelewa kuamini kwamba mwanamume huhudumiwa. Aanze na mikono ya mkewe wakiwa wamekaa tu wakizungumza. Mkono uliofua na kukuna nazi una uchovu mwingi kwenye ile nyama ya chini ya kidole gumba. Apakandamize hapo taratibu, ataona uso wa mama unavyobadilika.

Mkiishi chumba kimoja na watoto, kama wengi wa Majengo na Bondeni, msisubiri faragha isiyokuja. Nyayo, mikono na mabega vinaweza kukandwa mbele ya watoto bila aibu yoyote, na mtoto anayemwona babake akimkanda mamake miguu anajifunza jambo ambalo hamtahitaji kumhubiria. Mgongo na mapaja viachwe hadi walale.

Na kama kwa muda mrefu hamjagusana, mwenzi wako akashtuka au akaondoa mguu, usikasirike wala usimlazimishe. Mwambie unataka nini na hutaki nini. “Nataka kukukanda miguu tu, umeshinda umesimama.” Akikataa, kesho kutwa uliza tena.

Mwisho, kwa akina mama waliotuuliza juu ya mashuka: tandikeni leso kuukuu juu ya mkeka, msikandane juu ya shuka nzuri. Doa la mafuta ya nazi lipakwe sabuni kavu kabla ya kuloweka, kisha lifuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Likikaa siku tatu katika joto hili hunuka, na harufu yake haitoki upesi.